Debe Tupu

Mji wetu wa Tabora una bendi mbili za kelele
na amplifaya moja.
Kutu wanakaa nayo Jumatatu mpaka Jumatano,
vijana wa karakana ya reli,
mikono isiyotakata hata kwa sabuni ya mche.
Alhamisi tunaifuata na mkokoteni,
Ng'ambo hadi Isevya,
tumeivika khanga ya shangazi isiingie vumbi.
Khanga imeandikwa: SEMENI MCHOKE.

Wao wanapiga metali, sisi panki.
Kwao wimbo ni dakika tisa na gitaa linalolia kama breki za behewa,
kwetu ni dakika mbili, tena hizo mbili
ni pamoja na Mayunga kukaza nyuzi.
Tumegombana juu ya hili hadi kunyimana salamu.
Mtu wa nje akisikia anasema: si zote kelele?

Sisi ni Debe Tupu.
Jina alitupa mwalimu Kadushi
siku Mihayo alipopiga dawati mpaka likapasuka.
Debe tupu haliachi kuvuma! akafoka,
akidhani ametukana.
Mihayo akaenda gulioni, akanunua madebe manne ya asali,
akayaosha mara moja, kwa uvivu.
Ndiyo maana tukifanya mazoezi mchana
nyuki huja.
Wanatua kwenye ukingo wa bati,
anapiga, wanaruka, wanatua tena.
Aling'atwa siku moja tu, kwenye kope,
akamaliza wimbo jicho limefumba,
na siku hiyo pekee ndiyo alikwenda sawa na besi.

Mimi sipigi kitu.
Mimi ni Kalunde wa mlangoni, mwenye daftari.
Onyesho la kwanza: watu kumi na mmoja,
mmoja hakulipa, baba yake Mayunga,
alikuja kumchukua.
La tatu: harusi, Cheyo. Tulialikwa kwa makosa.
Wimbo mmoja na nusu. Pilau tulikula.

Sikudhani ndiye anayeimba.
Asubuhi anauza vitumbua stendi,
sauti nyembamba, karibu kaka, vya moto.
Usiku ile sauti anaitua kama ndoo
anatoa nyingine,
iliyokaa chini ya mbavu tangu msiba wa mama yake,
alipoambiwa, mtoto wa kike usilie hivyo,
watu wanasikia.
Wimbo wake mkubwa una maneno matatu:
Nani alikula rambirambi?

Juni tukaungana na Kutu, ukumbi mmoja,
watu sitini na wawili, sijawahi kuandika namba kama hiyo.
Wa sitini na mbili alikuwa mjomba wake Sikudhani,
kofia mkononi, elfu mbili mpya,
ameambiwa mpwa wake anaimba, akadhani kwaya.

Nani alikula,
umeme ukakatika.

Giza lile la Tabora la kiangazi, la kushikika.
Gitaa likafa, besi ikafa.
Madebe hayajui habari za umeme.
Mihayo hakuacha hata pigo moja,
na Kutu, wale wale tuliowanunia mwezi mzima,
wakachomoa spana mifukoni
wakaanza kugonga mabati ya ukuta.
Sikudhani akauliza bila maikrofoni.
Akauliza tena.
Mara ya nne ukumbi wote unauliza naye,
watu ambao kila mmoja ana msiba wake
na mjomba wake.

Nikahisi mkono juu ya meza yangu.
Nirudishie kiingilio, akasema,
huu si muziki.
Nikampapasia noti ile ile.
Daftari linasema: mmoja, elfu mbili, amerudishiwa.
Zaidi ya hapo halisemi,
si kazi yake.

Tuliondoka kwa mguu, tumekauka koo,
tukibishana ule wimbo sasa ulikuwa metali au panki.
Umeme ulirudi saa nane.
Mlinzi anasema amplifaya ilinguruma peke yake mpaka alfajiri,
maana hakuna aliyekumbuka kuizima,
naye aliogopa kuigusa.